Sumaku Kichwani mwa Mzee Mstari

Kaka yangu amekata nguo za watoto wa shule kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kushona hata kifungo kimoja. Watu wakisikia kiwanda cha sare hudhani kila aliyemo ndani ni fundi cherehani. Sivyo. Wapo wanaotandika kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mpaka zifike sitini au themanini. Yupo anayelaza karatasi ya mchoro juu ya rundo hilo. Halafu anakuja bwana mkubwa mmoja na kisu cha umeme kinacholia kama nyigu aliyeudhiwa, anafuata mstari. Huyo bwana mkubwa ndiye kaka. Yeye akikosea, hakosei shati moja. Anakosea mashati themanini kwa mkupuo, na washonaji wote wanabaki nyuma ya cherehani zao, mikono mapajani, kama watu waliofika msibani kabla ya wenye msiba.

Walimwita Mzee Mstari tangu hana hata unywele mmoja mweupe. Shati lake la tabaka la juu na shati lake la tabaka la chini kabisa yalikuwa sawasawa, jambo ambalo wakataji wenzake walilisifu kwa mdomo na kulichukia kwa moyo. Naye alilipokea jina hilo kwa unyenyekevu mkubwa: akaanza kutembea kama mtu aliyebeba trei ya glasi.

Mimi ni mdogo wake. Nafua nguo za watu, na aproni za kiwanda hicho nazifua mimi pia. Nazichukua Ijumaa, nazirudisha Jumatatu.

Mwaka juzi wifi yangu alifariki. Mimi nilikuwa mjane tayari, kaka akawa mgane, na ukoo ukakaa kikao ukaona ni busara tuishi nyumba moja, nadhani kwa hesabu kwamba watu wawili wenye huzuni wanakula kama mmoja. Wakatuombea dua nzuri ndefu, wakala, wakaondoka.

Baada ya hapo akili ya kaka ikaanza kutoka bila kuaga. Alikuwa akiinama kufunga kamba ya kiatu asubuhi. Mimi naanika shuka sita, narudi, bado ameshika kamba ileile. Aliweka chumvi kwenye chai, akainywa yote, akasema leo majani yamebadilika. Binti yake, ambaye ni karani katika ofisi ya maji na huja kwetu kila Jumamosi kutueleza tunavyokosea, alisema, "Baba anajifanya. Anataka ahurumiwe."

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu anayetaka kuhurumiwa hanywi chai ya chumvi. Anakuita uone kwanza."

Kiwandani huruma hiyo ilifika mwisho siku ya migongo themanini. Kisu kilikuwa kinakata migongo ya mashati, kikafika kwenye kona, na badala ya kukata kona kikaenda moja kwa moja mpaka kikaingia kwenye mikono ya mashati. Kaka alikuwa amesimama, macho wazi, glovu ya chuma mkononi, anatazama kabisa. Walipozima umeme aliuliza, "Kuna nini?" Vitambaa vile vikawa vya kufutia madirisha, na nasikia madirisha ya kiwanda hayajapata kung'aa vile tangu yawekwe.

Msimamizi wao wanamwita Dakika, kwa sababu hajawahi kumuuliza mtu hali bila kutazama saa. Akamwita kaka ofisini.

"Mzee Mstari, nakuheshimu kama baba yangu."

Kaka akajua hapo hapo mambo yameharibika.

"Nakupa wiki saba. Katibiwe. Ukirudi, lete barua ya daktari inayosema umepona, halafu unakata meza moja mbele yangu. Ikinyooka, kisu ni chako. Isiponyooka, utahamia kule nyuma kukata nyuzi."

Kule nyuma kuna benchi la kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa. Unapewa kamkasi kadogo kama cha kukatia kucha za mtoto mchanga. Kaka alirudi nyumbani, akanionyesha kwa vidole viwili udogo wa huo mkasi, akaingia chumbani kwake. Chakula hakugusa siku hiyo wala kesho yake.

Vidonge alikuwa amevimeza karibu mwaka mzima. Daktari alikwisha kutuambia kwamba ugonjwa wenyewe ni sonona, huzuni inayokataa kuondoka, na kwamba sonona haili moyo tu, inakula na umakini. Vidonge vilimsaidia sana kulala. Alilala mpaka kazini. Sasa daktari akasema upo mtambo wa sumaku.

Nilikwenda naye siku ya kuelezwa, na binti yake akaja pia, kusimamia. Daktari alikuwa mwanamume mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Akasema mbele ya kichwa, upande wa kushoto, ndani ya fuvu, kuna sehemu inayofanya kazi ya unyapara: ndiyo inayoamua tutazame nini na tuache nini, na ndiyo inayoushika mkono ukitaka kwenda kusikotakiwa. Kwa mtu mwenye sonona, mnyapara huyo amechoka. Sumaku inawekwa juu ya ngozi, inapiga mapigo ya haraka, mapigo yanapita kwenye mfupa bila kuukata, yanaamsha mishipa ya fahamu iliyo chini yake.

"Na umakini unarudi?" akauliza binti.

"Kwa huzuni tunajua inawasaidia wengi, si wote. Kwa umakini, hatujui bado. Wengine wamepima wakaona umeongezeka kidogo, wengine hawakuona kitu. Ndiyo maana tunafanya uchunguzi hapa. Baba atakuwa mgonjwa wetu namba kumi na saba."

Mimi nilimpenda daktari huyo kwa sababu alisema "hatujui" mara tatu katika nusu saa. Binti alimchukia kwa sababu hiyohiyo. Kaka alikuwa anatazama kalamu.

Siku ya kwanza walimwambia atoe kila kitu cha chuma. Akatoa saa, mkanda, funguo, na pini kumi na moja kutoka kwenye ukosi, kwenye kafi za mikono ya shati, na sehemu nyingine ambazo sikujua kwamba watu huweka pini. Wakamkalisha kwenye kiti kama cha daktari wa meno, wakamziba masikio, wakamvalisha kofia ya mpira na kitambaa, ile ya kuogelea. Aliyeendesha mtambo alikuwa msichana mmoja mwenye haraka. Kaka alimwita Binti wa Koili, kwa kuwa alishika koili, ndiyo hiyo sumaku yenyewe, yenye umbo la namba nane. Akaitafuta sehemu fulani kichwani mpaka kidole gumba cha kaka cha mkono wa kulia kikaruka chenyewe.

"We! Nani kanivuta?" kaka akasema.

"Ni ubongo wako, baba. Tulia."

Kutoka hapo akapima sentimita tano na nusu kwenda mbele, akatia alama kwa wino juu ya kofia: duara dogo na msalaba ndani yake. Hapo ndipo sumaku itakapopiga, kila siku, siku tano kwa wiki, wiki sita. Tak-tak-tak-tak, kimya, tak-tak-tak-tak. Mimi nilikaa pembeni na kusali kimya. Nikajiona mjinga kidogo, maana sikujua kama niombe sumaku ipige sana au ipige taratibu.

Walimpa pia mtihani kwenye kompyuta. Mishale mitano inatokea kwa mstari. Ubonyeze kule unakoelekea mshale wa katikati tu, ile mingine ya pembeni inakudanganya.

"Huu ni kama kukaa na ndugu," kaka akasema, akakosa nusu.

Kofia wakampa arudi nayo nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu hospitali ilikuwa na kabati moja na lilijaa mafaili. Wakamwambia, mimi nikiwa nimeshatangulia nje, aje nayo kila siku na asiifue. Kwa maneno mengine, mtu aliyeletwa hospitali kwa kuwa hakumbuki alichoambiwa akapewa jambo la kukumbuka. Hakuniambia, bila shaka. Na kwangu mimi, kitu chochote cha kitambaa kikiingia mlangoni kikiwa na jasho, kinatoka kikiwa safi. Jumamosi ya kwanza niliikuta ile kofia juu ya kiti, inanuka mafuta ya nywele. Nikaitia kwenye beseni na shuka za mwalimu mkuu. Niliona doa la wino, wala sikukumbuka kwamba ndiyo ile alama. Nililisugua kwa juhudi, Mungu anisamehe. Nililisugua mpaka nikajisifu.

Jumapili mchana kaka akaiona inaning'inia kwenye kamba, nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda.

"Nani kafanya hivi?"

"Kafanya nini?"

"Kwani huoni? Alama iko wapi?"

Nikamwambia twende kesho mapema tukaseme, wapime tena, kosa ni langu. Akakataa katakata. Binti wa Koili alikwisha kumweleza kwamba mgonjwa asiyefuata masharti huondolewa kwenye uchunguzi. Akiondolewa, hakuna barua. Bila barua, kamkasi.

"Kupima ni kazi yangu," akasema. "Nimepima mabega ya watoto wa nchi nzima. Nitashindwa na kichwa changu mwenyewe?"

Akavaa kofia, akachukua tepu yake ya kazini, akasimama mbele ya kioo. Na lazima niseme ukweli, kwa dakika kumi zile alikuwa kaka yangu wa zamani. Alijipima kutoka sikio hadi sikio, kutoka paji la uso hadi kisogoni, akatafuta mahali palipofanya gumba liruke kwa kukumbuka alivyoguswa, akahesabu sentimita tano na nusu kwenda mbele. Akaweka nukta ndogo ya chaki. Halafu, bila kufikiri kabisa, mkono wake ukasogea sentimita mbili kwenda nje, upande wa sikio, ukachora duara na msalaba kwa wino.

"Mbona umesogeza?" nikauliza.

"Nafasi ya mshono."

"Kaka, hapo hakuna mshono."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama washonaji wapya. "Ninyi wafuaji mnaona nguo ikishakamilika. Hakuna mtu anayekata juu ya kipimo chenyewe. Siku zote unatoka nje kidogo."

Miaka thelathini na moja ya umakini ilikuwa imemtoka, lakini nafasi ya mshono ilibaki. Mimi niliishia darasa la saba, nikadhani labda kichwa nacho kina sheria zake. Nikamwachia wino wake. Usiku ule, na kila usiku baada yake, nilipiga magoti nikiwa mtu anayemwomba Mungu atazame kwingine kidogo.

Jumatatu Binti wa Koili akaitoa kofia kwenye mfuko, akaiona ina duara na msalaba, akamvalisha, akaweka koili. Tak-tak-tak-tak. Jicho la kushoto la kaka likaanza kukonyeza. Pigo moja, konyezo moja. Taya nalo likawa linatafuna.

"Baba, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa," akajibu huku akimkonyeza.

"Wengine hutikisika uso. Ni kawaida." Na kweli ni kawaida kwa wengine, kwa hiyo akaandika "kawaida" kwenye faili, akaendelea na simu yake. Siku ishirini na tano mfululizo kaka alimkonyeza msichana wa watu, na siku ishirini na tano mfululizo ikaandikwa "kawaida".

Sasa ajabu ikaanza. Kaka akaanza kupata nafuu.

Wiki ya tatu alifunga kamba zote mbili. Wiki ya nne alionja chai, akaniambia sukari imezidi, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau na sikuwa nimeikumbuka kwa hamu. Kila asubuhi alijinyoa, akavaa shati la pasi, akatoka saa moja na nusu kama mfanyakazi wa benki. Wiki ya tano binti yake aliketi akamsimulia habari ndefu ya mwenzake wa ofisini, na baba yake akaifuata mpaka mwisho, akamuuliza, "Sasa wewe ulikuwa unatafuta nini kwenye droo yake?" Binti akaaga mapema.

"Shangazi, hiyo sumaku inafanya kazi," akaninong'oneza mlangoni.

Inafanya kazi, ndiyo, nikajiambia, sentimita mbili nje ya kazi.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita tukaitwa kupewa matokeo na barua. Ilikuwa Ijumaa, Jumatatu yake ndiyo siku ya kukata mbele ya Dakika. Kaka alifanya tena ule mtihani wa mishale, akakosa michache tu. Daktari alifurahi mpaka akavua miwani. Alikuwa amewaalika madaktari wengine wawili wamwone namba kumi na saba, mgonjwa aliyewazidi wote.

"Siri yake ni usahihi," akawaeleza, mkono juu ya bega la kaka. "Mwezi ujao nitawasilisha habari zake mbele ya wenzetu. Alama ileile tangu siku ya kwanza. Siku thelathini tumepiga mahali penyewe, hatukupotea hata unywele mmoja."

Barua ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Kaka aliitazama kama anavyotazama kitambaa kizuri. Mimi nilitazama mikono yangu. Nilijikaza kisabuni. Lakini nilifikiria mtu mwingine, namba kumi na nane au namba mia, mke wa mtu au mama wa mtu, anayewekewa sumaku kwa ajili ya maneno niliyoyasikia pale nikiwa nimekaa kimya kama gunia. Mdomo ukafunguka.

"Daktari, niliifua kofia."

"Unasemaje, mama?"

"Niliifua. Jumamosi ya kwanza. Alama ikatoka. Iliyopo alichora mwenyewe."

Wale madaktari wawili wakakumbuka wana wagonjwa wanawasubiri. Binti wa Koili alitazama viatu vyake. Kaka hakunitazama kabisa. Daktari akachukua kofia, akamvalisha, akapima mwenyewe tangu mwanzo, mara mbili.

"Umetoka sentimita mbili kwenda nje," akasema polepole. "Kwa nini hasa mbili?"

"Nafasi ya mshono," kaka akajibu, kwa sauti ndogo.

Daktari hakucheka, na kwa hilo namwombea hadi leo. Alikaa. Nikamuuliza sasa huyu amepona kwa nini. Akasema huenda mishale ameizoea, maana mtihani ukirudiwa huzoeleka. Huenda huzuni ilikuwa imeanza kupungua yenyewe. Huenda ni kule kuamka kila siku, kunyoa, kwenda mahali na kuulizwa umelalaje. Huenda hata kule pembeni sumaku ilifanya kitu.

"Lakini ni kipi?" nikauliza.

"Hatujui, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuniuma.

Akakubali kumwanzishia tiba upya, mahali penyewe, wiki ya mbele yake, asubuhi kabla ya kazi. Lakini katika hesabu ya uchunguzi namba kumi na saba alifutwa. Barua ile yenye muhuri akaichana vipande vinne, kwa adabu, akaandika nyingine.

Kaka hakusema nami Ijumaa ile, wala Jumamosi, wala Jumapili. Alikula nilichopika, akaosha sahani yake mwenyewe, akaipanga mbali na zangu.

Jumatatu niliingia kiwandani na furushi la aproni kichwani. Dakika alikuwa amesimama kwenye meza kubwa, wakataji wengine sita wamejipanga ukutani kwa sababu zisizoeleweka. Kila mmoja alikuwa amepita tu. Tabaka sitini za kitambaa cheupe zilikuwa zimeshatandikwa. Dakika akafungua barua, akaisoma kwa sauti, maana mambo ya watu husomwa kwa sauti.

"'Amehudhuria siku zote thelathini. Hata hivyo sehemu kubwa ya tiba haikuelekezwa mahali palipokusudiwa, na nafuu yake haiwezi kuthibitishwa imetokana na nini.'" Akaigeuza barua nyuma, kama ana hakika maneno mazuri yako upande wa pili. "Haikuelekezwa mahali palipokusudiwa? Walikuwa wanapiga wapi?"

"Pembeni," kaka akasema.

Wakataji sita wakavunjika mbavu. Mmoja mnene akasema, "Mzee Mstari, hata sumaku imekukosa!" Mwingine akadakia, "Basi na sisi tukae mbali, tusije tukapigwa."

"Barua hii haisemi umepona," Dakika akasema.

"Haisemi," kaka akakubali. "Lakini imesema kweli. Umeitaka barua, ndiyo hiyo. Nikate au nisikate?"

Dakika akatazama saa. Nadhani aliona kitambaa kimeshatandikwa na asubuhi imeshapotea. "Una dakika ishirini na tano. Kata."

Kaka akavaa glovu ya chuma, akawasha kisu. Nilibaki mlangoni, furushi bado kichwani, nimesahau kulitua. Alianza na kola, taratibu. Halafu mabega. Alipofika kwenye mgongo wa tatu, karibu na kona, nikaona lile jambo: macho yake yalikuwa wazi lakini yeye hayupo. Nalijua vizuri, nimeliangalia kwa mwaka mzima na nusu likiwa limeshika kamba ya kiatu. Kisu kilikuwa kinaikaribia kona. Nikapiga hatua moja nimwite.

Kisu kikanyamaza. Amekizima mwenyewe.

Akasimama. Akavuta pumzi, akaifuata karatasi ya mchoro kwa kidole mpaka mahali alipoachia, akawasha tena, akakata kona.

"Kuna nini?" Dakika akauliza.

"Nilikuwa nimeondoka. Nimerudi."

Alikizima tena kwenye mkono wa shati, na tena kwenye kafi. Mara saba, niliihesabu kila moja. Wakataji waliacha kucheka mara ya tatu. Kufikia ya tano yule mnene alisogea karibu, akawa anatazama mikono, si mtu. Dakika alikuwa akipiga kalamu juu ya meza.

"Mzee, tunakulipa usimame?"

"Hapana. Kusimama nafanya bure."

Alimaliza kwa dakika arobaini na tatu. Dakika akachomoa shati la juu na shati la chini kabisa, akayalaza moja juu ya jingine, akayageuza, akayageuza tena. Akamwita yule mnene naye ayageuze. Hakuna uzi uliotokeza.

"Yako sawa," yule mnene akasema, akionekana kuumia kidogo.

"Yako sawa, lakini dakika arobaini na tatu!" Dakika akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Kwa mwendo huu watoto watavaa sare hizi siku ya kumaliza shule. Kisu kikubwa sikupi."

Kaka akaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja. Nikafikiria kale kamkasi.

"Ngoja, sijamaliza," Dakika akasema. "Zipo sketi za miraba."

Kwa wasiojua: kitambaa cha miraba ndicho adhabu ya wakataji. Kila mraba lazima ukutane na mwenzake kwenye mshono, tabaka hazizidi kumi, na ukiharakisha mara moja tu msichana atatembea na sketi inayoonekana imepinda mpaka siku anayoiacha. Wenye kisu kikubwa huikimbia kazi hiyo kama ukoma. Walikuwa wanapokezana kwa kugombana.

"Meza ndogo ya kona, kisu kidogo," Dakika akaendelea. "Utakata miraba peke yake. Huko unaweza kusimama mpaka uchoke."

"Miraba yote?" kaka akauliza.

"Yote."

Wale sita walishangilia kwa moyo mweupe kabisa. Sijapata kuona watu wakimfurahia mwenzao namna ile, maana hakuna aliyetaka abadili mawazo. Yule mnene hata alimbebea stuli.

Kaka akaenda mpaka kwenye meza ya kona, akaipangusa kwa kiganja, akainama kuangalia kama imenyooka. Haikuwa imenyooka, akakunja karatasi akaiweka chini ya mguu mmoja. Sikujua kama nimfuate au niondoke. Kisu kikubwa alikuwa amekikosa, na kama nisingefungua mdomo wangu Ijumaa angekuja na barua yenye muhuri, na nani ajuaye Dakika angehesabu dakika ngapi. Nikatua furushi langu mezani kwake, nikatafuta neno la kuanzia.

Akanitangulia. Alinyanyua aproni ya juu, akaitazama, akanyanyua ya pili, ya tatu, akaenda nayo kwenye mwanga.

"Hizi tatu hujapiga pasi kwenye kamba za kufungia," akasema. Maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku tatu. "Na hii umekunja ikiwa na unyevu. Itanuka."

Wiki nyingi nilikuwa nimemwomba Mungu amrudishie umakini. Sikukumbuka kutaja aanzie kwa nani.

"Nitazirudisha," nikasema.

"Zirudishe leo. Na chai ya jioni, sukari iwe kidogo."

Nikazichukua zile tatu, nikatoka nazo hadi kwenye mwanga wa nje, nikazitazama vizuri nikiwa na nia kamili ya kumkuta na kosa. Zilikuwa na mikunjo kweli, na ile ya nne, niliyoiona juu ya furushi nilipozichukua, pia ilikuwa nayo, ingawa yeye hakuiona.

Ile nilikuwa nimeiacha pale pale mezani kwake.